Ukifika Kolo usiumwagie mwamba maji: michoro, milima na makorongo ya Kondoa Irangi

Watu wengi wanaijua Kolo kwa dirisha la basi tu. Umetoka Arusha, umeipita Babati, barabara inaanza kupanda na kushuka kwenye vilima vya Irangi, mara unaona kijiji kidogo, maduka machache, ofisi ya Mambo ya Kale pembeni, na kabla hujageuza shingo basi limeshapita, kilomita kama 20 mbele uko Kondoa mjini. Mimi kazi yangu ni michoro ya kale ya miambani na kwenye majabali ya Kolo yenye michoro hiyo nimeshinda siku nyingi sana, kwa hiyo nikisikia mtu anasema "Kolo nimepita, hamna kitu" inaniuma kweli. Leo nataka nikuelekeze namna ya kufika pale na kuona, maana kufika ni kitu kimoja na kuona ni kingine.

Kwanza panga kulala pale. Usije na mpango wa saa moja. Vibali unakata pale pale kijijini kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, wanakupa na mtu wa kukuongoza, na huyo mtu usimkwepe hata kama una ramani kwenye simu, kwa sababu njia zinapita mashambani kwa watu na pale mlimani kuna mambo ya heshima nitayaeleza chini. Kutoka kijijini mpaka mlima wenyewe, Mungumi wa Kolo, ni kilomita kadhaa upande wa mashariki, wengine wanaenda na gari la kuvuka mchanga, wengine bodaboda, ila mimi ukiniuliza nasema tembea. Toka saa kumi na mbili asubuhi jua likiwa bado dogo, utapita alizeti, mbaazi na ulezi, utavuka mto ambao kiangazi ni mchanga mtupu, afu ndo unaanza kupanda. Masika usilazimishe, ule mchanga ukishaingia maji hauna mchezo. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 10 ndo kuzuri.

Vaa buti au raba zenye meno. Na manukato acha nyumbani, yani nasema kwa dhati, kule kwenye nyufa za mawe kuna nyuki na nyuki hawapendi marashi.

Ukifika juu utakuta majabali makubwa yamening'inia kama paa la nyumba. Ni mwamba uliopasuliwa na nguvu zile zile zilizotengeneza Bonde la Ufa, ukabaki na kuta zilizosimama wima zikiwa na kivuli juu yake, na hizo kuta ndo watu walizichora kwa miaka isiyopungua 2,000. Eneo zima lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, mapango yenye michoro yanazidi 150, Kolo ni sehemu moja tu, kuna Pahi, kuna Fenga, kuna Kisese na mengine mengi.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Mtu anafika anahema, anaangalia ukuta, anaona madoadoa mekundu, anapiga picha moja anasema "ndo hivi tu?" Kaa chini. Kunywa maji. Subiri jicho lizoee kivuli, dakika kumi hivi, afu anza kufuata mstari mmoja tu mwekundu kwa macho, taratibu, usiuache. Utaona huo mstari ni mguu. Mguu unapanda unakuwa kiuno, kiuno kinakuwa mwili mrefu mwembamba kupita kawaida, na juu kuna kichwa kikubwa cha duara kama nywele zimetunishwa au mtu kavaa kitu kichwani. Sogea kidogo (usiguse), utaona ule mwili haujapakwa rangi tu, umejazwa vijistari vyembamba vilivyolala sambamba, vyembamba kiasi kwamba unajiuliza huyu mtu alishika nini mkononi. Hapo ndo mgeni ananyamaza, na mimi kila nikirudi pale bado nanyamaza.

Hiyo nyekundu ni ya zamani, inatokana na mawe yenye chuma, na wataalamu wengi wanaihusisha na wawindaji, mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Kwenye pango la Kolo namba moja kuna picha maarufu, mtu mmoja katikati na wengine wawili wawili wamemshika mikono kila upande. Wapo wanaosema anatekwa. Wapo wanaosema ni ngoma, kama simbo ya Wasandawe ambayo mchezaji anapandisha (anapagawa) na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi niko upande wa ngoma, maana ile mikono haivuti, inategemeza. Nyeupe ni habari nyingine, imekuja baadaye, mara nyingi imepakwa kwa kidole, nene, na sehemu nyingine imepita juu ya nyekundu. Ukitaka nyeupe vizuri nenda Pahi. Ukitaka michoro ya tembo nenda Fenga.

Haya, maji. Kuna siku nilikuta dereva wa wageni kachukua chupa kaumwagia ukuta ili picha itoke kali. Kweli ikatoka kali, wageni wakafurahi, na mimi nikasimama pale natetemeka. Maji yakiingia kwenye mwamba yanayeyusha chumvi zilizomo ndani, mwamba ukikauka zile chumvi zinatoka nje na kuganda juu, zinatengeneza utando mweupe au zinasukuma ngozi ya jiwe mpaka inabanduka na rangi yake. Mara moja huoni. Watu wakifanya hivyo miaka na miaka, mchoro umekwisha. Kama unataka rangi itokeze tumia programu inaitwa DStretch, unapiga picha ya kawaida bila flashi, inavuta ile nyekundu mpaka unaona miguu ambayo jicho lilikuwa halioni kabisa. Vidole navyo hapana, mafuta ya mkono yanabaki pale.

Utaona pia mashimo chini ya mapango. Hayo siyo ya watafiti. Kondoa ilipiganiwa mwaka 1916 kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingia mwezi wa 4 na mwezi wa 5 Wajerumani wakarudi kuishambulia wakashindwa, tangu hapo ikabaki imani kwamba Mjerumani alificha dhahabu kwenye mapango yenye michoro, eti michoro ni alama. Watu wakachimba. Hakuna mchoro hata mmoja unaoonyesha dhahabu, jamani, ila ule udongo wanaoutupa ndo wenye mali yenyewe: Kisese walipochimba watafiti mwaka 1956 zilitoka shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na vipimo vya baadaye vikaonyesha nyingine zina zaidi ya miaka 40,000. Ukichimba na jembe usiku unavuruga tabaka lote, hamna atakayeweza kulisoma tena.

Ukiwa unashuka geuka uangalie ile milima ilivyo na miti. Wazee wa pale wanaikumbuka ikiwa uchi, nyekundu, makorongo matupu, mvua ikinyesha udongo unaondoka wote bondeni. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, ng'ombe, mbuzi, kondoo, vyote. Iliwauma sana watu, Mrangi na ng'ombe wake siyo kitu cha kutenganisha kwa barua. Ila miti ilirudi. Yale makorongo bado yapo, ukitembea ndani yake ukuta wa udongo unakupita kichwa na mizizi ya miti mipya inaning'inia juu yako, mimi naona ni matembezi mazuri kuliko hata kupanda mlima.

Na ile heshima niliyosema. Mungumi ni mahali pa ibada mpaka leo, watu wanapanda kuomba mvua, kuombea mgonjwa, kuzungumza na mizimu yao. Ukikuta mtama, pombe au alama ya moto chini ya jiwe usiguse, usipige picha, wala usimuulize mwongozaji maswali kwa sauti kubwa. Ukikuta watu wako kwenye shughuli yao rudini nyuma, mkae chini ya mti, mngoje mpaka wamalize. Mimi nimewahi kungoja mpaka saa nane mchana, walipotoka bibi mmoja akasema "haya wanangu, piteni sasa", tukaingia.