Matibabu ya Tezi Dume na Tendo la Ndoa: Maswali Tunayoulizwa kwa Kunong'onezwa

Swali: Tezi dume iliyokua ni ugonjwa gani?

Tezi dume hukaa chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Mwanaume anapovuka miaka 50, mara nyingi tezi hiyo hukua na kuubana mrija, hata mkojo ukatoka kwa kusitasita na mgonjwa akaamka mara kadhaa usiku. Ukuaji huu si saratani.

Swali: Ni kweli kwamba ukipasuliwa tezi dume uanaume umekwisha?

Si kweli, na ni kauli hii inayotuletea wodini wazee ambao figo zao zimekwisha kuharibika kwa kukaa na mkojo kibofuni muda mrefu. Katika upasuaji unaofanywa mara nyingi, daktari hupitisha kifaa katika njia ya mkojo na kukwangua nyama ya ndani inayobana. Korodani haziguswi, hapa hahasiwi mtu. Mishipa ya fahamu inayouwezesha uume kusimama hupita nje ya tezi, mbali kidogo na pale panapokwanguliwa, na kwa hiyo wengi hutoka na nguvu zile zile walizoingia nazo, ingawa wachache hudhoofika. Uvumi huu kwa sehemu unatokana na upasuaji wa saratani, ambao huondoa tezi nzima na unaweza kweli kuijeruhi mishipa hiyo. Huo ni upasuaji mwingine kwa ugonjwa mwingine.

Swali: Basi hakuna kinachobadilika?

Kipo, na anayepasuliwa ana haki ya kuambiwa kabla ya kutia saini. Shingo ya kibofu ikishakwanguliwa haifungi tena sawasawa, kwa hiyo mwanaume anapofika kileleni shahawa hurudi kibofuni badala ya kutoka nje, kisha hutoka pamoja na mkojo. Hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wanaofanyiwa upasuaji huo, na kwa kawaida ni ya kudumu. Haidhuru mwili, na wengi bado huisikia raha yao. Anayetaka kupata mtoto aseme mapema, hata kama ana miaka 65 na anaona haya mbele ya muuguzi aliye rika la binti yake.

Swali: Vidonge navyo vina madhara gani?

Inategemea kidonge. Tamsulosini na jamaa zake hulegeza misuli ya tezi na ya shingo ya kibofu. Huweza kupunguza shahawa au kuzizuia zisitoke, na huweza kuleta kizunguzungu mgonjwa anaposimama ghafla. Kwa kawaida shahawa hurudi dawa ikisitishwa au ikibadilishwa. Finasteride na dutasteride huisinyaza tezi polepole, kwa miezi 6 au zaidi, na kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya tendo la ndoa, nguvu ya kusimama na wingi wa shahawa. Pia hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, hadi karibu nusu. Usipomwambia anayekupima kwamba unazitumia, saratani inaweza kupita bila kuonekana.

Swali: Nikiona nguvu zinapungua, niache dawa?

Usiache kimya kimya. Rudi kliniki useme, kwa sababu dawa inaweza kubadilishwa, na wapo wanaofaa kupewa tadalafili ya kila siku, ambayo husaidia mkojo na nguvu za kiume kwa pamoja. Narudia kwa sababu wiki haipiti bila kumpokea mmoja aliyeacha hivyo: usiache kimya kimya. Mgonjwa huacha vidonge, humficha hata mkewe, kisha huletwa usiku wa manane mkojo ukiwa umeziba.

Swali: Je, nitumie dawa ya kuongeza nguvu ya mtaani?

Hapana. Baadhi ya unga unaouzwa kwa jina la mitishamba umekutwa umechanganywa na sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, bila mnunuzi kujua. Sildenafili ikikutana na dawa za nitrati za maumivu ya moyo, presha huweza kushuka hadi kuua. Ikikutana na tamsulosini, unaweza kuanguka bafuni. Dawa yenye kipimo sahihi ataiandika daktari.

Swali: Ni wakati gani nisisubiri hata kesho?

Mkojo ukigoma kutoka na tumbo la chini likauma, nenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Vilevile mkojo ukianza kuchuruzika wenyewe matone kwa matone, usifurahi kwamba njia imefunguka, kwani mara nyingi kibofu kimejaa na kinafurika. Utawekewa mpira wa mkojo, na hapo ndipo wengine hukosea tena: hukaa na mpira huo miezi minane wakikwepa upasuaji ili waulinde uanaume, ilhali mpira wenyewe umepita katika uume usiku na mchana, unaleta maambukizi, na tendo la ndoa walilokuwa wakiliokoa limekwisha kuwa taabu tangu siku ulipowekwa.