Kusoma Ishara Si Kosa, Kosa ni Kiti Ulichokalia

Kila mwaka ikikaribia ile Jumamosi ya mwisho wa Novemba, timu za futiboli ya Marekani za vyuo vya Michigan na Ohio State zinapokutana, ubishi ni uleule. Waswahili wa Columbus, mji wa Ohio State, wameshaushika kama wenyeji, na Wakongomani wa Grand Rapids, jimboni Michigan, nao wana majibu yao. Wa kwanza anasema ubingwa wa Michigan wa 2023 ni wa wizi, uwekewe kinyota kwenye kumbukumbu, maana waliiba ishara, zile alama ambazo makocha huwaonyesha wachezaji wao kutoka pembeni kuwaambia pleyi ijayo, yaani shambulizi moja hadi mpira usimame. Wa pili, amevaa fulana ya "Michigan dhidi ya wote", anamjibu kwamba ishara zinaibwa na kila timu, basi kosa liko wapi? Wote wawili wamepotea, tena wamepotelea mahali pamoja. Hakuna kati yao anayejua kilichokatazwa ni nini.

Kusoma ishara za mpinzani ni halali kwenye futiboli ya vyuo. Ilikuwa halali kabla ya kashfa na ni halali leo. Makocha wa upande wa pili wanasimama mbele ya uwanja mzima, wanapunga mikono, wanainua mabango yenye picha za wanyama na vibonzo, na yeyote mwenye macho ana ruhusa ya kutazama na kukisia. Timu nyingi kubwa zina mtu ambaye kazi yake siku ya mechi ni hiyo tu. Kuzitafuta ishara kwenye matangazo ya televisheni ni halali. Kumpigia rafiki yako aliyecheza nao wiki iliyopita akakupa alichokigundua, hilo nalo halikatazwi. Novemba 2023 zilitoka habari kwamba ishara za Michigan yenyewe zilikuwa zimepitishwa kwa Purdue, mpinzani wake, na watu wa timu nyingine za Big Ten, ligi yao, kabla ya fainali ya ligi ya 2022. Michigan ilishinda fainali hiyo 43-22.

Vilivyokatazwa ni viwili. Tangu 1994, kanuni ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, inazuia kwenda uwanjani kumchunguza mpinzani utakayekutana naye msimu huohuo. Sababu yake ilikuwa pesa: chuo tajiri kingeweza kutuma watu kila Jumamosi kwenye viwanja vitano, maskini kisingeweza, basi wote wakae nyumbani. Katazo la pili liko kwenye kanuni za mchezo: usirekodi kwa sauti wala video ishara zinazotolewa na mpinzani.

Ninajua kwa nini katazo la kwanza linawashangaza wasomaji wetu. Kwenye soka, kocha anayekaa jukwaani kumtazama mpinzani wa wiki ijayo anaitwa kocha makini. Hata lile sakata la Marcelo Bielsa wa Leeds, Januari 2019, lilihusu mtu aliyetumwa kuchungulia mazoezi ya Derby. Leeds ikapigwa faini ya pauni 200,000. Hakuna aliyesema neno juu ya kwenda kutazama mechi. Kwa hiyo ukiipima kashfa ya Michigan kwa mizani ya soka, lazima uone watu wanapiga kelele bure. Vyuo vya Marekani vina mizani yao, wameiandika na kila kocha anaijua.

Basi kwa nini mtu ahatarishe kazi yake kwenda uwanjani, wakati televisheni ipo na timu zinabadilishana filamu? Hapa ndipo penye uzito, na ndipo mashabiki wanaporuka. Filamu wanazobadilishana makocha hupigwa kutoka juu, na kila kipande huanza sekunde chache tu kabla ya mpira kuanzishwa. Ishara hutolewa mapema kuliko hapo, timu ikiwa bado inajipanga. Isitoshe, kamera inatazama wachezaji 22, haitazami benchi. Televisheni humwonyesha kocha pale mtangazaji anapotaka sura ya mtu aliyekasirika, na huwezi kujenga kitabu cha ishara kwa vipande kumi na viwili vya sura. Unachohitaji ni benchi la mpinzani, pleyi zote, bila kukata.

Kwa hiyo kiti chenyewe kina masharti. Kiwe ng'ambo ya benchi unalolitaka, karibu na katikati ya uwanja, na juu kiasi kwamba walio mbele wakisimama hawakuzibi. Connor Stalions, mchambuzi wa Michigan aliyekuwa katikati ya sakata hili, alinunua tiketi kwa jina lake mwenyewe na kuwapelekea watu wengine. Chuo kimoja kilipokagua kamera zake za uwanjani kilimkuta aliyekalia kiti hicho ameinua simu, ameielekeza kwenye benchi la wenyeji mechi nzima. Ndiyo maana ushahidi ulipatikana haraka namna ile: tiketi ina jina, kiti kina namba, na uwanja una kamera.

Video ikishapatikana, kazi ndiyo inaanza. Unaioanisha na filamu ya mechi kwa kutumia saa ya uwanjani, pleyi kwa pleyi. Kisha jedwali. Tuseme mstari mmoja unasomeka hivi: dauni (jaribio) ya tatu, zimebaki yadi 7, watoa ishara watatu, wa kofia nyekundu kagusa bega la kulia, akapangusa kifua, akanyoosha vidole viwili, matokeo ni kurusha mpira, mpokeaji wa kushoto akikata kuelekea ndani. Mstari unaofuata, kofia nyekundu kafanya yaleyale lakini mpira umekimbizwa, yaani mchezaji kaubeba na kukimbia nao. Hapo unajua kofia nyekundu ni wa kuzuga, au alikuwa wa kweli robo ya kwanza na sasa amebadilishwa. Unarudi nyuma, unamjaribu wa kofia nyeupe. Mechi moja inakupa pleyi 65 hadi 75 za ushambuliaji. Kwa mechi moja unabahatisha, kwa mechi tatu unaanza kuona. Wala hutafuti pleyi nzima. Unatafuta kwanza alama moja ya kutenganisha kukimbiza na kurusha. Ukiipata hiyo, umeshalipwa. Aina ya ukimbizaji, ulinzi wa kwotabeki (mrushaji mpira), hesabu ya kuanzisha mpira, hayo ni ya ziada, na ndiyo yanayobadilishwa mara nyingi.

Siku ya mechi mambo huharibika kwa urahisi kuliko shabiki anavyodhani. Saa ya pleyi ni sekunde 40, na sehemu kubwa inaliwa na kusubiri. Msomaji anaona ishara, anashuka na kidole kwenye karatasi yake iliyofunikwa plastiki, anamwambia mratibu wa ulinzi "kurusha", mratibu anaamua kama anamwamini, anatoa ishara yake mwenyewe, beki wa kati anaiona na kuwapigia kelele wenzake kumi katikati ya watu laki moja wanaopiga mayowe. Ikifika wamechelewa sekunde mbili, nusu ya ulinzi inacheza mpango wa zamani na nusu mpango mpya. Hapo ni afadhali wasingejua kitu. Mpinzani akiamua kukusanyika duara, au akitumia namba za kwenye kanda za mkononi na kuwapa wachezaji kanda mpya, kazi ya wiki nzima imekwenda na maji.

Hilo halimpi nafuu anayesema "kila mtu anafanya". Sentensi hiyo inanichosha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli na hiyo nusu ya kweli inatumika kuifunika ile ya uongo. Kila mtu anasoma ishara. Si kila mtu aliyetuma watu viwanjani. Hukumu ya NCAA ya tarehe 15 Agosti 2025 ilihesabu mara 56 ambapo watu walikwenda kuchunguza mechi, mechi 52 kwa jumla, katika misimu ya 2021 hadi 2023. Huo si ujanja wa benchi wa kila Jumamosi. Ni mtandao wenye ratiba, tiketi na watu wa kupokea video. Ukitaka kumtetea Jim Harbaugh, kocha mkuu wa Michigan wakati huo, mtetee kwa kusema haikuthibitishwa kwamba alijua wakati Big Ten ilipomwadhibu Novemba 2023, na hapo una hoja ya maana kabisa: kamishna wa ligi hiyo, Tony Petitti, alitumia kanuni ya uungwana wa mchezo kumfungia mechi tatu wakati uchunguzi wa NCAA bado mbichi. Lakini usiniambie hapakuwa na kosa.

Upande wa Ohio State nao una wimbo wake: kila ushindi wa Michigan tangu 2021 ulitokana na simu jukwaani. Hili halithibitishiki, na ni lazima niseme wazi kwamba kwenye taaluma yetu hakuna anayeweza kukupa namba ya faida iliyopatikana. Hatuna Michigan nyingine isiyo na ishara ya kuilinganisha nayo. Wanaoleta asilimia wanazitunga.

Tazama yaliyofuata. Stalions alisimamishwa tarehe 20 Oktoba 2023. Kesho yake Michigan iliifunga Michigan State 49-0 kwao East Lansing, ikaendelea kushinda zote saba zilizobaki, ikiwemo Ohio State 30-24, Alabama 27-20 kwenye muda wa nyongeza, na Washington 34-13 kwenye fainali ya Houston tarehe 8 Januari 2024. Ugenini Penn State, Harbaugh akiwa amefungiwa siku moja kabla, msaidizi wake Sherrone Moore, aliyeshika nafasi yake, alimaliza mechi kwa kukimbiza mpira mara 32 mfululizo bila kurusha hata mara moja inayohesabika. Ishara gani iliwasaidia kuusukuma ukuta wa watu watano mbele? Hiyo ni misuli.

Mashabiki wa Michigan wanashangilia hapo, wakidhani kesi imekwisha. Haijaisha. Baada ya habari kutoka, wapinzani walikuwa na kila sababu ya kubadilisha ishara, kwa hiyo huwezi kuzitumia mechi hizo nane kupima zile za kabla. Timu bora inaweza kuvunja kanuni na bado ikawa bora. Na wenzao wanaoitaja TCU, chuo cha Texas kilichoifunga Michigan 51-45 kwenye Fiesta Bowl, nusu fainali ya ubingwa, tarehe 31 Desemba 2022, wanataja mfano ulio na maana zaidi: iliripotiwa kwamba TCU walionywa mapema, wakawabadilishia ishara na kuchanganya za kuzuga. Kama ni hivyo, aliyeiamini karatasi yake siku ile alikuwa anampotosha mratibu wake pleyi baada ya pleyi. Lakini pia kwotabeki wa Michigan alirusha mipira miwili iliyodakwa na TCU na kurudishwa kuwa tachidauni (bao), na hilo halikuhitaji ishara. Kutenganisha haya mawili ndani ya mechi moja ni kazi ambayo sijaona ikifanywa vizuri na yeyote.

Kuhusu "wavuliwe ubingwa", nitakwenda haraka. NCAA hufuta ushindi pale mchezaji asiyestahili kucheza alipocheza. Hapa wachezaji wote walistahili, waliovunja kanuni ni watumishi. Jopo la NCAA lilisema kufungiwa kucheza mechi za baada ya msimu kungestahili, ila kungewaangukia vijana wa sasa wasiohusika, likachagua pesa: dola 50,000, asilimia 10 ya bajeti ya futiboli, na mapato ya mechi za baada ya msimu kwa 2025 na 2026. Jumla ilikadiriwa kupita dola milioni 20. Stalions alipewa zuio la miaka minane, Harbaugh miaka kumi itakayoanza Agosti 2028, maana yake chuo kitakachomwajiri lazima kijieleze mbele ya NCAA. Moore alipewa miwili. Alikuwa amefuta jumbe 52 alizoandikiana na Stalions.

Na tafadhali, msiifananishe na timu ya besiboli ya Houston Astros ya 2017. Wale walitumia kamera wakati mechi inaendelea, wakagonga pipa la taka kumwambia mpigaji mpira gani unakuja. Picha ilifika papo hapo. Kwenye futiboli, simu ya jukwaani ilitumika wiki kadhaa kabla, na siku ya mechi kilichobaki ni macho na karatasi. Ukichanganya haya mawili utashindwa kueleza kwa nini adhabu na dawa zake zilitofautiana.

Dawa ilikuja Aprili 2024: redio ndani ya helmeti, mchezaji mmoja kila upande, mwenye nukta ya kijani kisogoni. Mashabiki wengi walipumua wakidhani ishara zimekufa. NFL, ligi ya wachezaji wa kulipwa, ina redio ya kwotabeki tangu 1994, vyuo vimechelewa miaka 30. Redio ya vyuo hukatika saa ya pleyi ikifika sekunde 15, au mpira ukianzishwa mapema kuliko hapo. Anayesikia ni mmoja tu. Mpokeaji aliyesimama yadi 25 kutoka kwa kwotabeki, kwenye uwanja wenye kelele, timu ikienda kasi bila kukusanyika, bado anageuza shingo kutazama benchi. Na kocha akiona ulinzi umejipanga vingine zikiwa zimebaki sekunde 9, hana redio tena, ana mikono yake. Ndiyo maana mabango bado yapo pembeni mwa uwanja kila Jumamosi, na ng'ambo bado kuna mtu anayeyasoma kihalali.