Gari la kukodi lina bima. Je, inakuhusu?

"Lina bima?" "Lina, tena kubwa." Kwa wengi wanaokodi gari Dar es Salaam, iwe IST ya kuzungukia mjini, Alphard ya harusi au Noah ya kupeleka familia Moshi "kuhesabiwa", yaani kula sikukuu nyumbani, mwezi wa Desemba, mazungumzo ya bima huishia hapo. Mwenye gari hajadanganya. Ila jibu lake ni la gari, si la mtu atakayeshika usukani, na tofauti hiyo haijitokezi mpaka siku bampa limeng'oka.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hairuhusu gari kuingia barabarani bila bima ya kumkinga mtu wa tatu, yaani yule aliye nje ya mkataba: mwenda kwa miguu aliyekuwa akivuka Manzese, dereva wa bodaboda, abiria wa gari ulilogonga. Sheria inalazimisha kinga ya kifo na majeraha ya mwili. Mali ya mtu wa tatu inaingia kwa masharti ya kampuni iliyokata bima, na ina kikomo chake. Hii ndiyo bima ndogo, ambayo kwa gari binafsi imezoeleka kuwa TSh 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwamo. Gari lenyewe ulilokodi halimo. Ukiliegemeza kwenye nguzo ya umeme Mikocheni, bima ndogo haitoi hata shilingi ya rangi.

Bima kubwa ndiyo inayoliingiza gari lenyewe: kugonga, kupinduka, moto, wizi. Ada yake ni asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la milioni 20 hudai ada ya mamia ya maelfu. Ukikuta gari linakodishwa kwa bei ya kushangaza, uliza kwanza bima gani inabebwa na bei hiyo.

Sasa tuingie penye mzizi wa fitina: rangi ya namba. Tanzania Bara, gari binafsi hubeba namba ya njano na gari la biashara hubeba namba nyeupe. Mjini hapa magari mengi ya namba ya njano hukodishwa kimyakimya, kwa kuunganishwa na dalali au kupitia kundi la WhatsApp. Mkataba wa bima una kipengele cha matumizi, na cha gari hilo kimeandikwa matumizi binafsi: kazini, sokoni, kanisani, msikitini. Kumkabidhi mtu gari kwa malipo ni matumizi mengine, yenye kundi lake la ada. Kampuni ilipopanga bei haikuhesabu hatari hiyo, na ajali ikitokea ina sababu ya kukataa kulitengeneza gari.

Kampuni inajuaje? Kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Mchunguzi wa madai huuliza dereva alipewa gari na nani, lini, kwa makubaliano gani. Huomba kuona ujumbe wa malipo ya simu. Husoma maelezo uliyoandika polisi usiku ule ukiwa bado unatetemeka. Wenye magari wengine humwambia aliyekodi, "Sema wewe ni binamu yangu." Usikubali. Hayo ni maelezo ya uongo katika dai la bima, na aliyeyatia saini ni wewe, si binamu yako wa dakika tano.

Majeruhi aliye nje ya mkataba analindwa zaidi na sheria. Mahakama ikishampa haki, kampuni inaweza kujikuta inamlipa hata kama masharti ya mkataba yalivunjwa, kisha ikawarudia waliovunja ili irudishiwe fedha yake. Kwa hiyo "bima ilimlipa majeruhi" si mwisho wa habari.

Kuhakiki bima si kazi ya kubahatisha. Stika ya bima siku hizi ni ya kielektroniki, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa TIRA-MIS ambao mtu yeyote anaweza kuufungua kwenye simu. Ingiza namba ya usajili wa gari. Soma kampuni iliyokata, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ulinganishe na kadi ya gari: namba ya chesisi na jina la mwenye gari. Kisha omba picha ya ukurasa wa mkataba wa bima unaotaja matumizi na madereva. Mwenye gari anayefanya biashara yake sawasawa hatakasirika ukiuomba. Anayekasirika amekupa jibu.

Kwa upande wa dereva, kampuni huangalia leseni kabla ya kitu kingine chochote. Daraja D linatosha kwa gari dogo la kutembelea, lakini halitoshi siku ukiamua kupunguza gharama kwa kupakia abiria wa kulipa kutoka Mbezi hadi Kibaha. Hapo unahitaji leseni ya kundi C, na gari nalo limegeuka kuwa la abiria. Mikataba mingi pia huweka masharti kwa dereva mchanga au mwenye leseni mpya, ama kwa kumkataa au kwa kumwongezea sehemu ya hasara ya kubeba mwenyewe. Jina linaloandikwa kwenye karatasi ya kukodi ndilo linaloendesha. Ukichoka Chalinze ukampa shemeji usukani na jina lake halimo, umeiweka safari nzima nje ya makubaliano. Andikeni majina yote mawili mapema, na nakala za leseni zote mbili zibaki kwa mwenye gari. Pombe haihitaji maelezo marefu. Kikomo cha kisheria kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na aliyekutwa juu ya hapo asitarajie kampuni imtetee.

Tuseme bima ni kubwa, matumizi ni sahihi na dereva ni sahihi. Bado kuna eksesi, ile sehemu ya hasara ambayo bima hailipi. Chukua mfano wa mkataba unaosema asilimia 10 ya dai, isipungue TSh 500,000. Gereji imetoa makadirio ya TSh 2,400,000 kwa mlango, fenda na taa. Asilimia 10 ni 240,000, iko chini ya kima, kwa hiyo eksesi ni 500,000 na kampuni inatoa 1,900,000. Mkataba wa kukodi ukisema eksesi ni yako, hiyo ni yako. Halafu kuna siku za gereji. Gari linalokodishwa kwa TSh 60,000 kwa siku likikaa siku 9 limemkosesha mwenyewe 540,000, na bima ya kawaida hailipi kipato kilichopotea. Jumla ya kutoka mfukoni mwako: TSh 1,040,000, kwa ajali ambayo "bima imelipa".

Kuna mtego mwingine ambao hata wenye magari huingia bila kujua. Gari lina thamani ya milioni 20 sokoni, mwenyewe akaliandikisha kwa milioni 12 ili ada ipungue. Kampuni ikitumia kanuni ya uwiano, dai la milioni 5 linahesabiwa kwa asilimia 60: milioni 3, kisha eksesi inatolewa humo. Pengo la zaidi ya milioni 2 litatafuta mtu wa kulibeba, na macho yote yatakugeukia wewe.

Ndiyo maana karatasi ya kukodi ina uzito kuliko stika. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anatakiwa aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe. Ukiwa umeitunza hivyo na bado ikapata madhara, msingi wa sheria hauko dhidi yako, isipokuwa mkataba uliosaini umesema vingine. Na karibu mikataba yote ya kukodi husema vingine: "Aliyekodi atawajibika kwa uharibifu wowote." Neno "wowote" linameza hata gari kugongwa likiwa limepaki. Omba lifutwe, au liongezewe maneno haya kwa kalamu na saini za pande zote mbili: "wajibu wa aliyekodi hautazidi kiasi cha eksesi, ambacho ni TSh …". Omba pia iandikwe kuwa kampuni ya bima ikishamlipa mwenye gari haitamdai aliyekodi. Hilo la pili linahitaji kampuni yenyewe ikubali, kwa sababu haki ya kumrudia aliyesababisha hasara ni yake. Kampuni kubwa za kukodisha, za uwanja wa ndege na mahotelini, huuza kinga ya kukupunguzia wajibu kwa malipo ya kila siku. Hiyo si bima, ni ahadi ya mwenye gari, na ina mambo iliyoyaacha nje.

Yanayoachwa nje mara nyingi ni yaleyale: tairi na rimu, kioo cha mbele zaidi ya kiasi fulani, sehemu ya chini ya gari, funguo iliyopotea, na vitu vilivyochomolewa. Saiti mira iliyong'olewa kwenye foleni ya Tazara inaweza isiwe "wizi wa gari" kwa mkataba ulionao.

Halafu maji. Mvua za masika zikifurika Jangwani, dereva huona daladala limepita akadhani naye atapita. IST iko chini. Maji yakifika usawa wa mdomo wa kuvutia hewa, injini huyavuta badala ya hewa. Maji hayabanwi kama hewa yanavyobanwa, pistoni inagota na fimbo yake inapinda. Dereva akipiga starta tena na tena ndipo anapomaliza kuiua. Mkaguzi akifungua chujio cha hewa na kulikuta limelowa, na fimbo imepinda, anajua gari halikufuatwa na mafuriko likiwa limepaki. Liliendeshwa kuyaingia, na hapo kampuni nyingi hubishana juu ya uzembe. Gari likizima majini, usipige starta tena, shuka, tafuta watu wa kusukuma na uite gari la kuvuta.

Ajali ikitokea, majeruhi kwanza. Apelekwe hospitali; PF3, fomu ya polisi ya matibabu, itafuatia. Usisogeze magari kabla trafiki hajapima, labda yawe yanahatarisha wengine, na hata hapo piga picha kwanza: namba za magari yote, matairi yalipoishia, alama za breki, vipande vya taa chini. Mpigie mwenye gari palepale, kwa sababu yeye ndiye mwenye mkataba na ndiye anayepaswa kuiarifu kampuni bila kuchelewa. Dai litahitaji ripoti ya polisi, PF 90, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93, mchoro wa ajali, nakala ya leseni na kadi ya gari. Desturi yetu ya "tuyamalize hapahapa" ni ya kiungwana kwa mkwaruzo wa elfu 50. Kwa zaidi ya hapo, kulipa au kuandika kwamba umekosa bila idhini ya kampuni kunaweza kuharibu dai zima. Wala usipeleke gari kwa fundi wako kabla halijakaguliwa.

Ukienda nje ya nchi, kupitia Namanga kwa mfano, bima ya hapa haivuki yenyewe. Inahitajika Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania imo katika mpango wake ingawa si mwanachama wa COMESA, pamoja na barua ya ruhusa ya mwenye gari.

Siku ya kurudisha, zungukeni gari mchana, si saa mbili usiku chini ya taa ya duka, mkilinganisha na video mliyopiga siku ya kulichukua. Fungueni mfumo wa polisi wa kuangalia deni la gari kwa namba ya usajili, kwani faini ya TSh 30,000 hukaa kwenye gari hata kama dereva ameshaondoka. Piga picha ya skrini ikionyesha tarehe na saa, kisha dai amana yako. Kampuni ya bima ikikataa kulipa na mwenye gari akaona hajatendewa haki, anaweza kupeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ugomvi wako wewe na mwenye gari haupelekwi huko: huo ni wa mahakama, na utaamuliwa kwa ile karatasi mliyosaini.