Maana ya kusimamia hisia za wafanyakazi wakati wa mabadiliko

Kusimamia hisia za wafanyakazi wakati wa mabadiliko ni kazi ya uongozi ya kutambua hofu, hasira, huzuni au matumaini yanayozuka pale taasisi inapobadili muundo au utaratibu wake, na kuyashughulikia mambo yanayozaa hisia hizo, ili watu waweze kuuzoea utaratibu mpya bila kuumizwa pasipo sababu. Kumtaka mtu achangamke wakati hajui kama mwezi ujao atakuwa na kazi hakuiondoi hofu yake. Kunamfundisha tu kuificha.

Mara nyingi hisia hizo huwa na msingi. Karani wa masjala ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeulizwa jalada fulani liko wapi, siku kumbukumbu zinapohamishiwa kwenye kompyuta hulazimika kumwomba kijana aliyeajiriwa juzi amwonyeshe namna ya kulitafuta. Mshahara wake haujaguswa na cheo chake ni kilekile, lakini heshima aliyoipata kwa kuijua kazi imepungua mbele ya wenzake. Meneja anayemwita mpinga maendeleo hajamwelewa, na onyo atakaloandika halitamsaidia yeyote.

Katika mafunzo ya uongozi hutajwa sana hatua tano, yaani kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali, ambazo daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa. Zinakumbusha kwamba kupoteza kuna machungu yake, ila hazifai kugeuzwa ratiba ya kumpimia mfanyakazi, kwani wengine huruka hatua na wengine hurudi nyuma.

Ushahidi wenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni utafiti wa Lester Coch na John French uliochapishwa mwaka 1948 kuhusu kiwanda cha pajama cha kampuni ya Harwood, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, ambako wafanyakazi walilipwa kulingana na idadi ya vipande walivyokamilisha. Kundi lililoelezwa tu kwamba kazi yake imebadilishwa lilishuka uzalishaji, likagombana na wasimamizi, na asilimia 17 ya watu wake wakaacha kazi katika siku 40 za kwanza. Makundi ambayo wafanyakazi wote walishiriki kupanga namna kazi mpya itakavyofanywa yalirudi haraka katika kiwango chao cha awali na kukipita, wala hakuna aliyeacha kazi katika muda huo. Hakuna aliyewahubiria watulie. Walipewa sauti juu ya jambo lililowagusa.

Penye ukimya wa viongozi, minong'ono hujaza nafasi. Kiongozi ambaye hana majibu yote anaweza kusema kwa uwazi ni lipi limekwisha kuamuliwa, lipi bado, na lini taarifa nyingine itatolewa, kisha aitimize tarehe hiyo hata kama hana jipya la kusema. Wasimamizi wa kati waarifiwe mapema, kwa kuwa ndio wanaofuatwa na maswali baada ya kikao ambacho hakuna aliyenyoosha mkono.

Ushirikishwaji kama ule wa Harwood lazima uwe wa kweli. Wafanyakazi wakiombwa maoni juu ya uamuzi uliokwisha kusainiwa, wataligundua hilo upesi, na safari ijayo hata mwaliko wa dhati watauona kuwa hila.