Kabla fundi hajafukia, kaangalie kwanza

Jamani wana Mwanza mnaojenga, sisi wahandisi tunaitwa nyumba ikiwa ishapasuka, na mara nyingi tatizo liko kwenye kitu kilichofukiwa, mwenye nyumba hakukiona na fundi kashalipwa hela yake yote. Kwa hiyo lipa kwa hatua, msingi, boma, lenta, kupaua, na kila hatua uione kabla haijafunikwa ndo utoe hela, na muandikishane hata karatasi moja tu kwa mwenyekiti wa mtaa.

Huku milimani Mabatini na Igogo mwamba uko juu juu, sasa usikubali msingi nusu ukae kwenye jiwe nusu kwenye kifusi, pale vinapokutana ndo ukuta utachanika. Na ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unavimba mvua zikinyesha halafu kiangazi unaachia nyufa mpaka mkono unaingia, hapo fundi peke yake hatoshi, ita mhandisi.

Mchanga nao una mambo. Chukua chupa ya maji ya lita moja, weka mchanga mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana uiache mpaka kesho. Tope litakaa juu ya mchanga, ukiona limefanya tabaka nene rudisha hiyo tripu, huo mchanga haushiki saruji vizuri hata uongeze mifuko.

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo kama 10.6, mwambie muuzaji aiweke kwenye mzani, maana kuna nyembamba zinauzwa kwa jina hilohilo. Siku ya kumwaga zege la nguzo usitume mtu, nenda mwenyewe, chungulia ndani ya mbao uone nondo hazijaegemea ubao, kama zimegusa unyevu utazifikia, zitashika kutu, zitavimba na zege litabanduka. Mchanganyo wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, upimwe kwa ndoo moja hiyohiyo, sio saruji kwa ndoo halafu mchanga na kokoto kwa beleshi na macho, hapo ndo tunapoibiwa nguvu.

Halafu maji. Ziwa tunaliona kila siku ila tofali zinafyatuliwa leo keshokutwa ziko ukutani, nakuomba sana mwagilia tofali na zege siku 7 bila kuruka, zege linapimwa nguvu yake siku ya 28 sio ya tatu.

Na kwenye hela ya ufundi baki na asilimia 10 mpaka mvua za Machi hadi Mei zipite, mkubaliane mapema, fundi anayejiamini hatagoma.