Je, simu ikitaja jina la mdudu, ndiyo imemtambua?

Wengi huamini kwamba ukimpiga picha mdudu, ndege au mmea, kisha programu ya simu ikakupa jina, basi mambo yamekwisha: jina ni hilo. Imani hiyo ina msingi wake, maana mara nyingi jibu huwa sahihi, hasa kwa viumbe wakubwa wanaopigwa picha sana.

Lakini programu hulinganisha picha yako na zile ilizofunzwa nazo, kisha hukisia inayofanana zaidi. Kiumbe asiyekuwamo humo anaweza kupewa jina la anayefanana naye. Chukua wale nzi wenye mistari ya njano na nyeusi. Picha ya kutoka juu, yenye ukungu kidogo, inaweza kumfanya nzi aonekane nyuki. Sogea karibu: nzi ana jozi moja ya mbawa, nyuki ana mbili, vipapasio vya nzi huyo ni vifupi, na macho yamechukua karibu kichwa kizima.

Kwa hiyo soma pia jibu la pili na la tatu, angalia kama kiumbe huyo huishi eneo hilo na huonekana msimu huo, na piga picha za pande kadhaa. Ukibaki na shaka, andika jina la kundi tu, yaani "nzi". Rekodi yenye tarehe na mahali sahihi bado ina thamani. Wajuzi wanaweza kuikamilisha baadaye.

Uyoga ni habari nyingine kabisa: usiule eti kwa kuwa simu imesema unalika.