SSD inayosumbua haiponi kwa kupangwa upya
Kuna ujumbe unaopita kwenye magrupu kwamba kompyuta ikiganda kila mara, upange upya vipande vya mafaili kwenye SSD (diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu), itapona. Si kweli. Ushauri huo ulifaa diski za zamani zinazozunguka, ambazo kichwa cha kusomea husafiri kufuata kila kipande; ndiyo maana wengi bado wanauamini. SSD haina kichwa, na kuandika kwa ziada huchakaza seli zake, yaani vijisehemu vya chipu vinavyohifadhi data.

Tafadhali, nakili kwanza mafaili yako kwingine. SSD ikitoweka kwenye orodha ya diski kisha ikarudi, jaribu kebo au soketi nyingine. Halafu soma taarifa za SMART (rekodi za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe) kwa programu ya kukagua diski: makosa yakizidi kuongezeka, ibadilishe. Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.